Daktari Pettiford Avua Viatu

Siku ya tisa tangu Bi Ozella Lockett akatae kuoga, mjukuu wake Tamesha alifika wodini akiwa amechelewa dakika arobaini.

Walikuwa wakikaa vyumba viwili nyuma ya duka la kinyozi, mitaa miwili kutoka lango la Chuo cha Tolliver. Asubuhi hiyo Bi Ozella alikuwa amelimwaga beseni zima sakafuni, kisha akajifungia chooni. Tamesha alipiga magoti kwenye yale maji, sare yake ya uuguzi ikalowa, akambembeleza kwa sauti ya chini kwa sababu wateja wa kwanza wa kinyozi walikuwa wameshafika na ukuta wenyewe ni mbao tupu. Bibi alisema hatoki mpaka yule mwanamke wa Ustawi wa Jamii aondoke. Huyo mwanamke wa Ustawi alikuwa ni Tamesha.

Mke wa kinyozi ndiye aliyekuwa akimwangalia Bi Ozella siku ambazo Tamesha yuko hospitali. Alikuja akasimama kizingitini, akavuta kola ya gauni lake na kuziba pua. Hakuwa na ubaya, lakini sauti yake ilivuka ukuta.

“Mwanangu, mimi simwezi tena. Juzi alinizaba kibao, nikavumilia. Lakini hii harufu, wateja wanaiuliza.”

Upande wa pili mashine ya kunyolea ilizimwa. Wanaume waliokuwa wakibishana habari za mpira wakanyamaza wote kwa pamoja, na kule kunyamaza kwao kukamuuma Tamesha kuliko maneno yenyewe. Akaomba siku moja tu. Mke wa kinyozi akakubali, akasema na iwe ya mwisho.

Daktari Vashti Pettiford alikuwa amefundisha uuguzi pale Tolliver miaka ishirini na sita. Darasa la Tamesha lilianza na wanafunzi thelathini na mmoja, sasa walikuwa wamebaki kumi na tisa, na wale kumi na wawili waliotoka kila mmoja alikuwa na hadithi yake inayoishia kwenye jina la Daktari Pettiford. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Asubuhi ile aliitazama saa ya ukutani, akayatazama magoti ya Tamesha yaliyolowa, akauliza kumetokea nini. Tamesha akajibu kwamba basi lilichelewa.

“Basi,” Daktari akarudia, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Kuchelewa zaidi ya nusu saa ni utoro, na utoro mara tatu ni kurudia mwaka. Huu ulikuwa wa pili.

Saa ya chakula cha mchana Tamesha alisimama kwenye foleni ya bwalo kama kawaida. Bi Earline Goodloe, mpishi, alikuwa amemwona kwa wiki tatu akifungia kuku na mkate wa mahindi kwenye karatasi na kuvitia mkobani, na kwa wiki hizo tatu amekuwa akimwekea vipande vitatu badala ya kimoja bila kuuliza. Siku hiyo alimwachia mwenzake upawa, akamwita binti nyuma ya masufuria. Hakukuwa na haja ya kumhoji sana. Tamesha alimweleza yote: bibi aliyelisahau jina la mjukuu wake tangu Krismasi, kibao, beseni, mke wa kinyozi, hata lile basi la uongo. Kisha akatoa fomu mkobani.

Bi Earline alifuta mikono kwenye aproni, akaisoma taratibu.

“Mwezi wa pili huu. Unamaliza mwezi wa tano.”

“Najua.”

“Na hii ni ya kuacha masomo.”

“Hana mtu mwingine, Bi Earline. Nikimpeleka kwenye nyumba ya wazee, kule nimeshafanya mafunzo. Najua atalazwa chumba gani na atamwona mtu mara ngapi kwa siku.”

Bi Earline akamrudishia karatasi. Alisema hawezi kumzuia, lakini sahihi inayotakiwa pale chini ni ya Pettiford, basi ampelekee mwenyewe mkononi, asimwachie katibu.

“Na umwambie ukweli,” akamalizia. “Habari za basi muachie dereva.”

Ofisi ya Daktari Pettiford ilikuwa na viti viwili, na cha mgeni kilikuwa kigumu. Tamesha hakukikalia. Alisimama akasema aliyotumwa kusema, macho kwenye zulia, akitarajia kuulizwa kwa nini alidanganya. Hakuulizwa. Daktari aliiweka fomu kando, akavuta karatasi nyeupe, akaanza kumhoji jinsi alivyowafundisha wao kuhoji ndugu wa mgonjwa. Bibi analala saa ngapi? Anakula vizuri? Akikataa maji anakataa akiwa wapi, amesimama au amekaa? Anashika sehemu gani ya mwili? Anamwogopa nani?

Tamesha alijibu kila swali. Kadiri alivyojibu ndivyo alivyogundua ni mambo mangapi alikuwa akiyajua bila kujua kwamba anayajua.

“Huko nyumbani mlikuwa mnasali wapi?”

“Wabatisti wa zamani, Daktari. Kanisa dogo, huko mashambani.”

“Mnaoshana miguu?”

“Kila mwaka, mwezi wa nane. Bibi alikuwa mama wa kanisa. Yeye ndiye alikuwa akifunga taulo kiunoni kwanza.”

Daktari Pettiford aliacha kuandika. Akaifungia ile fomu ndani ya droo bila kuitia sahihi.

“Kesho hatuna wodi. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nitakuwa mlangoni kwako.”

Tamesha alihisi uso wake ukiwaka moto. Akasema nyumba ni ndogo, ina harufu, hakujafuliwa, na kwamba Daktari asijisumbue.

“Sikuomba kukaribishwa chai,” Daktari alisema. “Na nikuambie kitu kimoja, tuelewane. Sheria sitaigusa. Una utoro mara mbili, na ukipata wa tatu utarudia mwaka, uwe na bibi au usiwe naye. Wagonjwa wako hawatakuwa na sheria mbili. Lakini kila kitu kingine nitakigusa. Umenielewa?”

Tamesha akasema ameelewa. Hakuwa ameelewa.

Daktari alifika saa kumi na moja na nusu kamili. Tamesha alipofungua mlango hakumtambua mara moja, kwa sababu mwanamke aliyesimama pale alikuwa amevaa suruali kuukuu na amefunga kichwa kitambaa cha maua, kama shangazi yeyote anayekwenda kupalilia. Mkononi alikuwa na beseni jeupe la bati na taulo mbili. Harufu ilimpokea, naye akapita katikati yake bila uso kubadilika.

Bi Ozella alikuwa macho, amekaa kwenye kiti cha dirishani na koti lake la kanisani juu ya nguo ya kulalia. Akamwona mgeni, akakunja ngumi.

“Mwambie mimi siendi,” akamwambia Tamesha. “Mwambie watoto wote nimewalisha.”

Tamesha alitaka kueleza kwamba huyu si wa Ustawi, ni mwalimu wake. Daktari Pettiford alimzuia kwa kidole kimoja. Aliliweka beseni sakafuni, akamimina maji ya vuguvugu kutoka kwenye birika, akakaa chini palepale kwenye mbao, miguu mbele. Kisha akavua viatu. Akavua na soksi. Miguu yake ilikuwa imevimba, vidole vimepinda, na wa kushoto ulikuwa na jeraha la zamani la kiatu. Hakuna mwanafunzi hata mmoja katika miaka ishirini na sita aliyewahi kuiona.

“Mama,” alisema, na sauti yake haikuwa ya darasani, ilikuwa ya mtoto wa mashambani, “nimetembea mbali. Miguu inaniuma.”

Bi Ozella alimtazama kwa muda mrefu. Akaiangalia miguu, akaliangalia beseni, akaona na taulo. Ngumi zikafunguka. Aliinuka kwenye kiti bila kushikwa, akavua koti la kanisani na kulitundika vizuri kwenye egemeo la kiti, akachukua taulo moja akaifunga kiunoni, fundo ubavuni. Halafu yule mwanamke wa miaka themanini na mmoja, ambaye kwa siku tisa alikuwa akipigana na maji, akapiga magoti mbele ya beseni.

Aliosha miguu ya Daktari Pettiford. Aliosha taratibu, kidole kwa kidole, akichota maji kwa kiganja na kuyamwaga juu ya kifundo, huku akiguna wimbo usiokuwa na maneno. Alipofika kwenye lile jeraha akalizunguka bila kuligusa. Tamesha alikuwa amesimama na mgongo ukutani, mkono mdomoni. Alikuwa amezoea kumwona bibi yake akipotea kidogo kila siku, sasa akamwona amerudi mzima, kwenye magoti yake. Daktari Pettiford alikuwa amefumba macho, na machozi yalimtoka bila yeye kuyafuta.

Bi Ozella alipomaliza kumkausha, alinyoosha mgongo, akakaa kwenye kiti, akanyoosha mguu wake mwenyewe mbele. Ndivyo inavyotakiwa. Aliyeosha naye huoshwa.

Daktari alipiga magoti. Alianza na nyayo, akapanda kifundo, muundi, goti, akibadilisha maji Tamesha alipoyaleta, na kila alipopanda alimwomba bibi ruhusa kwa sauti ileile ya unyenyekevu, naye bibi akaitika kwa kichwa. Wakati huohuo, bila kugeuka, alikuwa akifundisha.

“Angalia mkono wangu. Usiseme kuoga, hilo neno limeshaharibika. Uso mwachie mwisho. Taulo moja iwe begani kwake muda wote, asione yuko uchi. Njoo upande huu, unishikie hapa.”

Walipofungua nguo ya kulalia ndipo walipoona. Chini ya titi la kushoto ngozi ilikuwa imechubuka, nyekundu, mbichi, upana wa kiganja. Bi Ozella alivuta pumzi kwa meno kabla hata hawajaigusa.

Daktari alisimamisha mkono.

“Hakuwa anakataa maji,” alisema polepole. “Alikuwa anakataa maumivu.”

Tamesha alianza kulia. Alisema mwaka wa nne huu anasomea kuuguza watu, na nyumbani kwake, chini ya pua yake, hakuona. Daktari hakumbembeleza. Alimwambia asingeweza kuona asichoruhusiwa kuona, na kwamba sasa ameona, basi achukue kalamu aandike ukubwa, rangi, na majimaji kama yapo, kisha amwambie yeye Daktari jeraha lipakwe nini. Tamesha akaandika huku machozi yakidondokea karatasini. Wakasafisha jeraha wote wawili. Bibi alipiga yowe dogo mara moja tu, kisha akamshika Daktari kichwani, juu ya kile kitambaa cha maua, kama anayembariki, akauacha mkono hapo mpaka walipomaliza.

Jua lilikuwa limeshatoka. Bi Ozella, safi, amevaa gauni la pamba, alikula mayai mawili na uji wa mahindi wenye siagi, akaomba tena.

Jumatatu iliyofuata Daktari Pettiford alimkabidhi Tamesha karatasi. Ilikuwa ratiba, imechapwa kama ya wodini, yenye zamu na majina. Jumatatu hadi Jumatano, Bi Earline, jikoni. Alhamisi, Bwana Cleotis, mlinzi wa lango. Ijumaa, mama wa maktaba. Chini yake kulikuwa na namba ya daktari wa wazee, ambaye aliwahi kuwa mwanafunzi pale na ambaye Pettiford alisema asingethubutu kumnyima nafasi. Tamesha aliuliza amewaombaje watu hawa wote. Daktari akasema hakuomba. Aliuliza tu nani ana kiti cha ziada.

Basi Bi Ozella akaanza kazi chuoni. Jikoni alichambua sukuma wiki masufuria kwa masufuria, na akamwambia Bi Earline mbele ya wapishi wote kwamba mkate wake wa mahindi una sukari, na kwamba mtu akitaka keki aseme anataka keki. Bi Earline alicheka mpaka akakaa chini. Kwa Bwana Cleotis mambo yalikuwa magumu zaidi, kwani bibi alimfananisha na shemasi fulani wa zamani asiyempenda, akawa anamwamuru kila baada ya dakika chache avue kofia. Bwana Cleotis akawa anaivua. Ilipofika wiki ya tatu aliiacha nyumbani. Siku nyingine zilikuwa mbaya, siku za kulia na kurusha vikombe, na siku hizo mama wa maktaba alimfungia mlango wa chumba cha magazeti na kukaa naye kimya, bega kwa bega, mpaka mambo yapite.

Mwezi wa nne, siku ya mtihani wa mwisho wa vitendo, Bi Ozella alipotea.

Bi Earline alikuwa ameinama kwenye oveni kwa dakika mbili. Alipoinuka, kiti kilikuwa kitupu na mlango wa nyuma uko wazi. Barabara kuu iko hatua mia mbili kutoka pale, na malori ya magogo hayapunguzi mwendo. Alikimbia na aproni yake mpaka langoni. Bwana Cleotis akafunga lango, akapiga simu kila mahali, na katika robo saa wapishi, wafagiaji, makatibu na timu nzima ya mpira walikuwa wamesambaa chuoni wakiita jina la bibi. Bi Earline alimpigia Daktari Pettiford akilia, akisema kosa ni lake.

Daktari alikuwa wodini, akisimamia mtihani. Angeweza kunyamaza. Alimfuata Tamesha kando ya kitanda cha mzee mmoja aliyekatwa mguu, aliyekuwa akifungwa bandeji, akamwambia kwa sauti ya chini na kwa maneno machache: bibi yake ametoka jikoni dakika ishirini zilizopita, watu zaidi ya sitini wanamtafuta. Akiondoka hakuna atakayemlaumu. Lakini utakuwa utoro wa tatu.

Mikono ya Tamesha ilisimama hewani na bandeji nusu. Yule mzee wa kitandani alikuwa amesikia.

“Nenda, binti,” alisema. “Mimi mguu wangu hauendi popote.”

Tamesha aliutazama ule mguu. Jeraha lilikuwa wazi. Alisema atamaliza kwanza, kwa sababu halifai kuachwa hivyo, kisha ataondoka. Hakuwa akijibu kwa ajili ya mtihani wala sheria, alikuwa amesahau kama kuna mtihani. Alifunga bandeji mzunguko baada ya mzunguko, akalainisha kila mkunjo, akamuuliza mzee kama imembana. Daktari Pettiford alisimama akimwangalia, simu imebanwa kifuani, na kwa mara ya pili mwaka ule macho yake yalimshinda. Tamesha alipobandika plasta ya mwisho, simu ikatetemeka. Daktari alisikiliza, akakaa kwenye ukingo wa kitanda kabla hajakaribishwa.

“Wamempata. Yuko na bendi.”

Bendi ya Tolliver ilikuwa na watu mia moja na ishirini, na mchana ule ilikuwa ikifanya mazoezi ya gwaride nyuma ya uwanja, mbali na kelele za wanaomwita. Bi Ozella alikuwa ametokea kwenye miti na kiatu kimoja mguuni, akaingia katikati ya safu, nyuma ya matarumbeta makubwa, akaanza kutembea nao. Mkuu wa bendi, Bwana Alphonso Tate, alimwona kutoka juu ya jukwaa lake. Aliogopa kwamba muziki ukikatika ghafla bibi angeshtuka na kukimbia. Basi hakuusimamisha. Alipunguza kasi ya mkono wake, akapunguza tena, mpaka mwendo wa gwaride ukawa mwendo wa ajuza mwenye kiatu kimoja. Wapiga ngoma wakamfuata. Vijana mia moja na ishirini, waliozoea kurusha magoti hadi kifuani, wakatembea uwanja mzima pole pole, hatua kwa hatua ya Bi Ozella, na hakuna aliyemkanyaga wala kumcheka. Watu waliokuwa wakimtafuta walifika mmoja mmoja ukingoni mwa uwanja, wakasimama. Bi Earline alifika wa mwisho. Alisema baadaye kwamba amekwenda kanisani miaka hamsini na hajaona kitu kama kile.

Tamesha alifaulu. Alama zake hazikuwa za juu kabisa darasani. Daktari Pettiford alimkata mbili kwa sababu hakunawa mikono mara ya pili.

Mwezi wa tano, siku ya kuvishwa beji za uuguzi, ukumbi ulijaa kofia na marashi. Kila mhitimu aliitwa kwa jina akapanda jukwaani, na Daktari Pettiford alimbandika beji kifuani kwa mkono wake. Bi Ozella alikuwa amekaa safu ya mbele, kati ya Bi Earline na Bwana Cleotis, na pembeni yao alikuwa mama wa maktaba na Bwana Tate wa bendi. Siku hiyo haikuwa mojawapo ya siku zake nzuri. Jina la Tamesha Lockett lilipoitwa hakugeuza hata kichwa.

Lakini binti aliposhuka ngazi, amevaa nyeupe, beji inang’aa, akapita mbele yao akiwa amewakazia macho, bibi alimfuata kwa macho mpaka akakaa. Akamgusa Bi Earline kwenye goti.

“Yule msichana mrefu,” aliuliza, “watu wake ni akina nani?”

Tamesha alisikia. Alikuwa hatua tatu tu kutoka pale. Bi Earline alimtazama yeye kwanza, kisha akaitazama ile safu yote, Bwana Cleotis asiye na kofia, mama wa maktaba, Bwana Tate.

“Ni sisi, mama,” alisema.

Bi Ozella aliinama mbele kidogo ili awaone vizuri. Alimtazama wa kwanza, akaenda kwa wa pili, hakuharakisha, mpaka akamaliza safu. Kisha akaegemea kiti, ameridhika.

“Eeh,” alisema. “Mmefanana.”